Bi Fundi na Karatasi Zilizogandana

Tulimwita Bi Fundi. Jina lake nalijua, nimeliona mara nyingi kwenye daftari la mahudhurio, lakini nikilitamka nahisi namtaja mtu mwingine, mtu aliyetulia. Bi Fundi hakutulia hata siku moja katika miaka minane niliyofanya kazi naye.

Kiwanda chetu cha chapa kilikuwa Mji Mkongwe, chini ya nyumba ya ghorofa mbili, kwenye kichochoro ambacho gari haliingii. Tulikuwa watu wanne. Tajiri, mwenye mali, alikaa mbele kupokea wateja. Bwana mmoja mpole alipanga kurasa kwenye kompyuta. Bi Fundi alikuwa kwenye mashine, na mimi kwenye meza ya nyuma nikikagua karatasi zilizokwisha kuchapwa, nikizipanga na kuzibana. Nilifika pale nikiwa na watoto wawili na mume aliyekuwa bara kikazi, na sijui lolote juu ya chapa.

Bi Fundi ndiye aliyenionesha mashine siku ya kwanza, kwa haraka haraka, kama mtu anayeonesha nyumba inayotaka kuuzwa. Ilikuwa kuukuu, ya kijivu, na uhodari wake wote ulikuwa kwenye kichwa kinachonyonya karatasi. Rundo linawekwa upande mmoja, rimu juu ya rimu. Upepo unapulizwa ubavuni ili karatasi ya juu iachane na iliyo chini yake. Kisha vikombe vinne vya mpira, vidogo kama kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi, vinashuka, vinainyonya ile ya juu, vinainyanyua na kuikabidhi kwa meno ya mashine. Halafu inayofuata. Halafu inayofuata, upesi kuliko mtu anavyoweza kuhesabu kwa mdomo.

Watu wa nje hudhani kuchapa ni wino. Bi Fundi alisema wino hata mtoto ataupaka. Kazi ni kuchukua moja na kuiacha ya pili.

Kisiwa chetu hakipendi karatasi. Masika yakiingia, kuta za mawe zilitoa jasho na karatasi ikanywa ule unyevu, pembe zikajikunja, zikashikana mbili mbili. Tajiri alipoleta kiyoyozi, zikakauka kupita kiasi na kushikana zenyewe kwa umeme wa ukavu. Bi Fundi alizipepea kabla ya kuzipakia: anachukua fungu, analipinda huku, analipinda kule, anapitisha dole gumba ubavuni mpaka kila moja imepata hewa. Alinifundisha kufanya hivyo kwa kunipiga vidole. Si kwa nguvu, lakini alipiga. Akiniona nimeshika fungu nene ananipiga na kulipunguza nusu, bila kusema neno, na macho yake yako mlangoni anaangalia nani anapita.

Alikuwa na sikio la ajabu. Anaweza kuwa nje anabishana na muuza kahawa, mara anakata maneno katikati, anaingia ndani mbio na kuzima mashine. Tukitazama, kweli, karatasi mbili zimeingia pamoja. Mteja mmoja, Mhindu mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa akichapisha kalenda zake kwetu kila mwaka, aliwahi kumuuliza anasikia nini. Akamjibu kwamba karatasi mbili hupumua vibaya. Yule bwana alicheka, lakini mwaka huo alipotakiwa kusubiri siku tatu ili karatasi zake zipumzike kwanza, hakubisha.

Vile vikombe vya mpira vilikuwa vikichoka kila baada ya miezi michache, na vipuri havipatikani. Tajiri alisema viagizwe Dar. Dar wakasema mashine yenyewe hawaijui. Basi Bi Fundi akawa mwindaji wa mpira. Alijaribu ndara, alijaribu tyubu ya baiskeli, alijaribu chuchu za chupa za watoto, na zile chuchu zilifanya kazi wiki moja nzima. Mwishowe aligundua kwamba miwani ya kuzamia wanayoiacha watalii ina mpira laini kuliko wote. Akawa anakwenda pwani ya kaskazini kila akipata nafasi, anawauliza vijana wanaopeleka wageni kuzamia kama wana miwani iliyovunjika kioo. Anarudi na mfuko. Anakaa chini, anakata viduara kwa wembe. Nasema anakaa, lakini mguu mmoja ulikuwa umekunjwa na mwingine uko tayari kuinuka.

Alikuwa na vespa ya kijani, na alivyoipanda kwa buibui lake wazee wa barazani walikuwa wakigeuza nyuso. Hakujali. Alikula wima, na chai aliimaliza ikiwa moto. Harusini alifika mapema kuliko wote, akasaidia kupanga viti, akaondoka kabla chakula hakijatoka, na kesho yake angeweza kukueleza kila mtu alivaa nini.

Na alihama. Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote. Katika miaka ile minane nilizijua nyumba zake sita: mbili Mpendae, moja nyuma ya soko, moja Tunguu karibu na chuo, na nyingine nimesahau. Hakuwa akifukuzwa. Kodi alilipa. Alisema tu nyumba imemchosha. Mara dirisha limekaa vibaya, mara jirani ana mazungumzo marefu, mara hana sababu. Mali yake yote ilienea kwenye kirikuu kimoja, kile kigari kidogo cha mizigo, na godoro juu. Aliwahi kuolewa, hilo alilisema, lakini alilisema kama mtu anayetaja mvua iliyonyesha mwaka mwingine.

Mtu asiyetulia namna hii ndiye aliyekuwa akituambia kila siku tusiwe na haraka. Akimwona Tajiri anaongeza mwendo wa mashine ili kazi imalizike mapema, alikuwa akimwondoa mkono kwenye kitufe kama vile anamwondoa nzi. Alimwambia mbele ya wateja kwamba haraka ya tajiri inalipwa na mteja. Tajiri alinuna, lakini hakumgusa, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine mjini mwenye kuielewa mashine ile.

Na mimi nilimpenda. Nilikuwa nikimuogopa pia, nadhani kwa sababu ileile.

*

Mwaka mmoja masika yalikawia kuisha. Kikundi cha walimu waliokuwa wakisomesha masomo ya ziada kilituletea mtihani wa majaribio, kwa ajili ya wanafunzi wa skuli za shamba. Haukuwa wa serikali, lakini ulikuwa na uzito: kulikuwa na mfadhili aliyeahidi kuwalipia wachache watakaofanya vizuri wakasome skuli ya bweni. Karatasi moja kwa kila somo, maswali mbele na nyuma.

Mashine yetu ilikuwa na kidole cha chuma kinachopima unene wa kila karatasi inayopita. Zikija mbili pamoja, kidole kinainuka na mashine inasimama yenyewe. Unyevu wa siku zile uliifanya isimame kila baada ya dakika chache. Bi Fundi anazima, anatoa, anapepea, anawasha. Inasimama tena. Na siku hiyohiyo alikuwa anahama. Kirikuu kilikuwa kimeshafika mwanzo wa kichochoro, na dereva alikuwa akija mlangoni kila baada ya muda kuuliza.

Ilipokaribia alasiri mashine iliacha kusimama. Ikaenda moja kwa moja mpaka rundo likaisha. Tajiri alifurahi. Walimu walikuwa wakingoja, akaniambia nisikague ukurasa kwa ukurasa, nihesabu tu na kufunga. Nikahesabu, nikafunga. Bi Fundi alifuta mikono, akavaa buibui, akaenda zake kuhama.

Baada ya wiki mbili akaja mwalimu mmoja na karatasi mkononi, anacheka. Mbele ina maswali, nyuma nyeupe pe. Alisema mwanafunzi wake alinyoosha mkono akapewa nyingine, hakuna lililoharibika, ameileta tu ili tuione. Tajiri naye akacheka, akasema katika kazi kubwa moja si kitu.

Bi Fundi aliichukua ile karatasi, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Ikitoka moja, zimetoka nyingi," alisema. "Karatasi haigandi peke yake."

Karatasi mbili zikipita kwa pamoja, ya juu hupata wino na ya chini hupita kapa. Hilo hata mimi nilikuwa nimeshalijua. Mwalimu akasema mtihani umeshasahihishwa na majina yameshapelekwa kwa mfadhili. Tajiri akamwambia Bi Fundi arudi kwenye mashine. Hakurudi. Alimuomba mwalimu orodha ya skuli zote zilizofanya mtihani, na mwalimu, kwa kushtuka zaidi kuliko kwa kutaka, akampa.

Kisha akaniangalia mimi. "Chukua mkoba. Nnakwenda na wewe."

Nilisema nina kazi mezani. Alishafika mlangoni.

Tulizunguka siku tisa. Asubuhi tunafanya kazi, adhuhuri ikifika anafunika mashine na tunaondoka, na Tajiri anatutazama kwa hasira tukipita. Nilikaa nyuma ya vespa, mkoba tumboni, buibui limebanwa chini ya mapaja. Karatasi za maswali zilikuwa zimekusanywa pamoja na majibu na kufungwa kwenye bahasha, kila skuli na kabati lake. Mwalimu mkuu anatukaribisha, anataka tunywe soda kwanza. Bi Fundi anakataa soda, anaomba bahasha. Tunageuza moja moja. Baadhi ya walimu walidhani tumetumwa na wizara. Mmoja alidhani tunatafuta wizi wa mtihani, akaanza kujitetea kabla hatujamuuliza.

Nyumbani watoto wangu walianza kulalamika kwamba nachelewa, na usingizini nilikuwa nageuza karatasi.

Tulipata nyingine tatu. Mbili, kama ile ya kwanza, wenyewe walikuwa wamenyoosha mkono wakapewa nyingine; wasimamizi wameandika juu yake kwa kalamu nyekundu. Ya tatu ilikuwa kwenye skuli ya kusini, na haikuwa na alama yoyote ya kalamu isipokuwa jina la msichana, kwa mwandiko mzuri, juu kulia. Tukatafuta majibu yake. Maswali ya mbele alikuwa ameyajibu yote, na karibu yote sawa. Ya nyuma hakuna. Msahihishaji alikuwa ameandika sifuri mahali pake na kupiga mstari.

Mwalimu mkuu alimtuma mtu akamwite. Alikuja akiwa na kanga kichwani, akasimama mlangoni. Bi Fundi akamuuliza taratibu, mara yangu ya kwanza kumsikia akisema taratibu, kwa nini hakuuliza alipoona nyuma hakuna kitu. Yule msichana alisema alidhani mtihani umekuwa mfupi. Alisema alimshukuru Mungu.

Tulikwenda kwao. Mama yake alikuwa uwanjani akianika mwani kwenye mikeka. Bi Fundi alimwamkia, akamweleza kila kitu: mashine, unyevu, karatasi mbili. Alisema pia kile ambacho hakuwa amekisema kwa mtu yeyote, kwamba siku ile alikifunga kile kidole cha chuma kwa waya ili mashine isisimame, kwa sababu gari la kuhamia lilikuwa likimngoja. Alisema atakwenda kwa walimu kuyasema hayo hayo.

Yule mama aliendelea kutandaza mwani mpaka mkeka ukajaa.

"Ungenyamaza, mwanangu angejua ameshindwa, basi," alisema. "Sasa atajua amenyimwa. Lipi jepesi, bibi?"

Bi Fundi alitoka uwanjani akaizunguka vespa yake mara mbili, kama mtu anayetafuta tairi lililotoboka, na matairi yote mawili yalikuwa mazima.

*

Kwa walimu alikwenda kweli, na nilikuwepo. Walikuwa watano, wamekaa nyuma ya meza moja. Alisema: "Kile kidole cha chuma nilikifunga mimi, kwa mkono wangu. Tajiri hakuniamrisha. Nilikuwa na haraka." Mmoja wao alimuuliza kama kuna mwingine aliyejua. Akasema yeye ndiye fundi wa mashine.

Walikubali msichana apewe yale maswali ya nyuma, akayajibu peke yake kwenye chumba. Alipata alama za kutosha, tena kwa kuzidi. Lakini nafasi zilikuwa zimeshajaa, na mwenye nafasi ya mwisho, mtoto wa maskini mwenzake, alikuwa ameshashonewa sare. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumvua. Wakaahidi kwamba mwakani jina la yule msichana litakuwa la kwanza. Mwakani mfadhili hakuja.

Walimu hawakurudi kwetu kuchapisha. Tajiri alimwita Bi Fundi mbele, akamwambia hana ugomvi naye, lakini biashara inataka mtu anayejua kunyamaza. Alikwenda kukusanya vitu vyake: wembe, mfuko wa mipira, kikombe. Ilimchukua dakika mbili. Kwangu alikuja akanipiga vidole, pale pale mezani, ingawa fungu nililoshika lilikuwa jembamba. Akaondoka.

Mashine ile haikumkubali mtu mwingine. Walikuja mafundi wawili kwa nyakati mbalimbali, na kila mmoja alisema imekwisha. Tajiri akanunua ya kisasa, ndogo, isiyonyonya wala kupuliza. Nami niliondoka mwaka uliofuata. Sasa nakunja maboksi ya keki nyumbani, kwa mkono, kwa ajili ya maduka.

Yule msichana nimesikia alimaliza skuli yake ya kijijini, na anasomesha watoto wadogo chekechea. Wengine wananiambia ana furaha. Sijui wanajuaje.

*

Mwaka huu nilipeleka maboksi Fumba, kwenye zile nyumba mpya, na mwanamke mmoja pale akanitajia jirani wa kijijini, bibi wa vespa, anayetengeneza mabomba, pasi na majiko ya watu. Sikuhitaji kuuliza mara ya pili. Nilimkuta nje ya chumba chake akipaka rangi mlango ambao kwa macho yangu haukuwa na haja ya rangi.

"Shikamoo, Bi Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Shika hapa usiniguse rangi."

Nikashika mlango. Alikuwa amekonda na nywele za mbele zimekuwa nyeupe, lakini mikono ilikuwa ileile. Alipomaliza alinitilia chai, akaniuliza juu ya watoto, juu ya mume, juu ya Tajiri. Nikamwambia Tajiri amekuwa mzee, anaomba dua watu wamsamehe. Akasema naye ameshamsamehe zamani, ila mwenyewe asiambiwe, ataacha kuomba.

Kulikuwa na jambo nililokuwa nimelibeba kwa miaka yote ile, na nilijua nikilibeba mpaka barabarani sitalitua tena.

Nilisema, "Bi Fundi, ule waya niliuona. Nilipokuja kuchukua karatasi za kwanza. Niliuona kabla rundo halijafika nusu, nikajua ni wa nini. Sikukwambia. Nilikuwa nataka kuwahi nyumbani."

Hakushtuka. Alikuwa akitazama brashi yake, anaikamua rangi.

"Nilikuona ukiuona," alisema.

Nilimuuliza kwa nini basi hakuyasema mbele ya wale walimu, walipomuuliza. Akasema waya ulikuwa wake, na macho yalikuwa yangu. Yeye atayasemeaje macho ya mtu mwingine.

"Ulidhani nilikuchukua skuli zote zile unibebee mkoba?" aliniuliza. "Nilikuwa nakungoja useme. Kila tulipoingia nilisema leo atasema. Kwa yule mama nilisema hapa sasa hana pa kukimbilia." Akaiweka brashi ndani ya kopo. "Ukanyamaza."

Machozi yalinijia na nikaona haya kuyafuta, na yeye, ambaye hakuwahi kumvumilia mtu anayelia, alinisubiri.

Kisha akainuka, akavaa ndara, akanishika mkono mpaka barabarani. Nilidhani ananisindikiza. Akampungia mkono mwenye bodaboda aliyekuwa chini ya kibanda, akamtajia kijiji, kile cha kusini, akamwelekeza mpaka nyumba yenyewe, uwanja wenye mikeka ya mwani, na akapatana naye bei bila ya kuniangalia.

"Mama yake yule msichana yu hai," aliniambia. "Na saa hizi yuko nyumbani."

Nilikuwa nimepanga kurudi mjini. Watoto walikuwa wakinisubiri na maboksi ya kesho hayajakunjwa. Bi Fundi alikuwa ameshageuka anarudi kwenye mlango wake. Nikapanda.